Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: vifuko vya maji kwenye ubongo wa mtoto, na namna picha zake zinavyobadilika

Ukurasa huu ni wa mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe ana kifuko cha maji kwenye ubongo, kwamba si saratani, na kwamba amrudishe baada ya miezi kadhaa apigwe picha nyingine. Hilo la mwisho ndilo linalomkosesha mzazi usingizi: kama si saratani, tunasubiri nini? Majibu ya hapa chini yatakusaidia kuielewa ripoti na kumuuliza daktari maswali yenye uzito. Uamuzi kuhusu mtoto unabaki kwa daktari anayemtibu, kwa kuwa yeye anaziona picha na anamwona mtoto mwenyewe.

Kifuko hiki ni kitu gani hasa?

Ni mfuko wenye ukuta mwembamba na majimaji ndani yake. Madaktari huita sisti. Sisti isiyo saratani haisambai mwilini, na mara nyingi mtoto amezaliwa nayo. Inayoonekana zaidi kwa watoto ni sisti ya araknoidi. Araknoidi ni mmoja wa tando tatu zinazoufunika ubongo. Wakati mtoto anajengeka tumboni, utando huo unaweza kugawanyika tabaka mbili, maji yakabaki katikati. Richard Bright, daktari wa London, alizieleza sisti hizi mwaka 1831. Zilikuwepo siku zote, ila leo mashine zinazionyesha hata kwa mtoto asiyeumwa chochote.

Kusema si saratani hakumaanishi kwamba haiwezi kudhuru. Baada ya mifupa ya kichwa kushikana, fuvu halitanuki tena, na kitu chochote kinachochukua nafasi ndani yake kinaweza kuubana ubongo, kuubana mshipa wa neva, au kuziba njia ambayo maji ya ubongo hupita. Kwa hiyo mahali kilipo kifuko mara nyingi huamua mambo kuliko ukubwa wake. Kifuko cha sentimita 5 pembeni ya ubongo kinaweza kuishi na mtu maisha yake yote kimya kimya, na cha sentimita 1 tu kikikaa kwenye mlango wa maji kikamhatarisha.

Ni jambo la nadra?

Inategemea aina. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walipitia picha za MRI (mashine inayotumia sumaku) za watoto zaidi ya 11,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Walikuta sisti ya araknoidi kwa asilimia 2.6 ya watoto hao. Kumbuka kwamba hao walikuwa watoto waliopelekwa kupigwa picha kwa sababu fulani, si watoto wote wa mtaani. Hata hivyo inaonyesha kwamba mwanao hayuko peke yake.

Zilizo nadra kweli kwa watoto ni nyingine: sisti ya koloidi, sisti ya neuroenteriki, sisti ya neuroglia iliyo ndani ya ubongo wenyewe, na sisti ya Rathke karibu na tezi ya pituitari, yaani tezi ya homoni iliyo chini ya ubongo. Sisti za araknoidi zilizo sehemu zisizo za kawaida, kama vile juu ya tezi ya pituitari au nyuma ya shina la ubongo, nazo ni chache. Kwa aina hizi hakuna wingi wa watoto waliofuatiliwa kwa miaka mingi, na ndiyo sababu daktari mwangalifu hapendi kutoa ahadi akiwa na picha moja tu.

Kwa nini picha moja haitoshi?

Kwa sababu inaeleza hali ya siku moja. Inaonyesha kifuko kipo wapi, kina ukubwa gani na kinasukuma nini. Kinaelekea wapi, hiyo haiwezi kukuonyesha. Vifuko viwili vinavyofanana leo, kimoja kinaweza kubaki vilevile kwa miaka kumi na kingine kikaanza kutanuka mwezi ujao.

Tena mtoto mwenyewe anakua. Mzingo wa kichwa cha mtoto mchanga ni karibu sentimita 35, na anapotimiza mwaka unafika karibu 46. Kifuko kilicho ndani ya kichwa kinachokua kwa kasi hiyo kinaweza kuongezeka milimita kadhaa kwa kufuatana tu na fuvu, bila kuubana ubongo zaidi ya mwanzo. Mtaalamu anayesoma picha za mtoto mchanga huangalia kama kifuko kinakipita kichwa kwa kasi au vinakwenda sambamba.

Ripoti inasema kifuko kimeongezeka milimita 2. Kimekua kweli?

Huenda hakijakua hata kidogo. Hili ndilo swali ninalotamani kila mzazi alielewe, maana milimita hizo mbili zimewanyima wengi amani bure, na upande wa pili, ongezeko la kweli limewahi kupita bila kuonekana.

Mashine hukata picha ya kichwa vipande vipande. Kama picha ya kwanza ilikatwa kwa unene wa milimita 5 na ya pili kwa milimita 1, ukingo wa kifuko hautaonekana mahali palepale. Kama mtoto alilaza kichwa kimeinama kidogo kuliko mara ya kwanza, kipande kitapita kwenye kifuko kwa mshazari na urefu utabadilika. Kama ripoti ya kwanza ilipima kutoka mbele kwenda nyuma na ya pili ikapima kutoka juu kwenda chini, basi namba hizo mbili hazizungumzii kitu kimoja. Hata wataalamu wawili wakipima picha ileile siku ileile wanaweza kutofautiana kwa milimita moja au mbili.

Upande wa pili ni huu. Chukua kifuko cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 30. Ujazo wake ni kama mililita 14. Kikifika milimita 33, ujazo unakuwa karibu mililita 19. Kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 10, lakini maji yaliyomo yameongezeka kwa takriban theluthi. Mtu anayesoma namba ya kipenyo peke yake ataona jambo dogo, na ubongo ulio jirani unahisi jambo kubwa zaidi. Ndiyo maana, kifuko kinapofuatiliwa kwa uzito, ni vizuri kipimwe pande tatu au kipimwe ujazo wake.

Kwa hiyo muulize daktari: vipimo vyote viwili vimechukuliwa kwa namna moja? Mtaalamu aliziweka picha zote mbili mbele yake, au alilinganisha picha mpya na namba zilizoandikwa kwenye ripoti ya zamani? Na swali la tatu, ambalo husahaulika: amelinganisha na picha ya kwanza kabisa, au na ya mwisho tu? Kifuko kinachoongezeka milimita 1 kila mwaka kitaandikwa "hakijabadilika" mwaka hadi mwaka kama kila mara kinalinganishwa na picha iliyotangulia. Weka picha ya kwanza kando ya ile ya mwaka wa sita, na tofauti itajionyesha yenyewe.

Pamoja na kipimo, mabadiliko gani mengine hutazamwa?

Yapo kadhaa, na mengine ni ya maana kuliko milimita. Vyumba vya maji vya ubongo, yaani nafasi za ndani zinazobeba maji yake, vimepanuka? Mstari wa katikati ya ubongo umesukumwa upande? Mikunjo ya ubongo iliyo jirani imebanwa kuliko zamani? Mfupa wa fuvu ulio juu ya kifuko umekuwa mwembamba au umetokeza nje? Mfupa uliotokeza huashiria kwamba kifuko kimekaa hapo muda mrefu kikisukuma polepole, na mara nyingi hali hiyo inakuwepo tangu picha ya kwanza.

Kwa sisti za araknoidi zilizo ubavuni, chini ya paji, mbele ya sikio, unaweza kukuta ripoti imeandika "Galassi" na namba. Huo ni mpangilio uliotolewa mwaka 1982. Aina ya 1 ni ndogo, iliyokaa kwenye ncha ya ubongo wa pembeni. Aina ya 2 ni ya wastani. Aina ya 3 ni kubwa, inajaza eneo lote na inaweza kusukuma mstari wa katikati. Namba hiyo hueleza umbo na ukubwa. Haisemi kwamba mtoto wa aina ya 3 lazima apasuliwe.

Kwa kawaida vifuko hivi hubadilikaje miaka ikipita?

Sisti za araknoidi nyingi hazibadiliki. Katika kazi ileile ya Michigan, watoto 111 walifuatiliwa kwa picha za kurudia kwa wastani wa miaka 3.5. Sisti 87 zilibaki vilevile, 13 zilipungua na 11 ziliongezeka. Umri ulikuwa na uzito mkubwa: hakuna mtoto aliyegunduliwa akiwa amevuka miaka 4 ambaye sisti yake iliongezeka, wala aliyepata dalili mpya, wala aliyehitaji upasuaji. Zipo taarifa za watoto wakubwa ambao sisti zao zilikua, lakini ni wa kuhesabika.

Hii ndiyo sababu mtoto wa miezi mitano na mtoto wa miaka tisa wenye vifuko vya ukubwa mmoja hawapangiwi ratiba moja. Wa miezi mitano ndiye anayefuatiliwa kwa karibu.

Vifuko vinavyoonekana kwa mtoto akiwa tumboni vina tabia yake. Vile vya koroidi, vilivyo ndani ya vyumba vya maji, huonekana kwenye ultrasound za ujauzito wa miezi ya kati na vingi hutoweka kabla ya mtoto kuzaliwa. Vifuko vidogo vilivyo kando ya vyumba vya maji kwa watoto wachanga navyo mara nyingi huisha ndani ya miezi ya mwanzo. Sisti za tezi ya pineali, katikati ya ubongo, nyingi ni chini ya sentimita 1 na nyingi hubaki zilivyo.

Kwa nini baadhi hukua?

Maelezo ni zaidi ya moja, na yanaweza yote kuwa kweli kwa watoto tofauti. Kwenye baadhi ya sisti za araknoidi kuna mpasuko mdogo ukutani unaofanya kazi kama valvu ya tairi la baiskeli: kila mapigo ya moyo husukuma maji kuingia, na yakitaka kutoka njia inajifunga. Madaktari wameuona mpasuko huo kwa kamera wakati wa upasuaji na kwa MRI maalumu inayoonyesha maji yakitembea. Sisti nyingine zina chembe ukutani zinazotoa maji zenyewe. Sisti za epidemoidi hukua kwa njia nyingine kabisa: ndani yake mna chembe za ngozi zinazopukutika na kulundikana taratibu, mwaka baada ya mwaka.

Hakuna chakula wala tabia ya mtoto inayokifanya kifuko kikue. Mama pia hakukosea chochote wakati wa ujauzito.

Kinaweza kupotea chenyewe?

Ndiyo, na kwa sisti ya araknoidi imeandikwa mara nyingi. Wakati mwingine hupungua polepole bila sababu inayojulikana. Wakati mwingine hupasuka, baada ya kujigonga au bila kujigonga, na maji yake yakamwagika kwenye nafasi iliyo chini ya utando mgumu wa ubongo. Picha ya wakati huo inaweza kutisha: kifuko kimelegea, na utepe wa maji umetanda juu ya ubongo. Mtoto anaweza kuumwa kichwa na kutapika. Baadhi hupona kwa kufuatiliwa tu, maji yakanywewa na mwili, na kifuko kikarudi kidogo au kisionekane tena. Wengine huhitaji maji hayo yatolewe.

Mshipa mdogo uliopita juu ya kifuko ukichanika, maji huchanganyika na damu. Hatari ya jambo hili ni ndogo, na huongezeka kidogo kwa sisti kubwa na kwa mtoto aliyegonga kichwa karibuni. Kwenye picha, kifuko kilichokuwa na rangi ya maji safi hubadilika rangi, na hapo daktari hatasubiri miezi sita.

T1, T2, FLAIR, DWI ni nini kwenye ripoti?

Ni namna tofauti za MRI kuangalia kitu kilekile. Kwenye T1 maji safi huonekana meusi, kwenye T2 huonekana meupe. FLAIR hufanana na T2 ila huzima mwanga wa maji safi, kwa hiyo sisti ya araknoidi ya kawaida, iliyong'aa kwenye T2, hugeuka nyeusi. DWI huonyesha kama chembe za maji zinatembea kwa uhuru. Sisti ya araknoidi huwa nyeusi humo, na sisti ya epidemoidi hung'aa. Tofauti hiyo moja hutenganisha vitu viwili ambavyo kwenye CT (picha ya mionzi) vinaweza kufanana sana.

Kwa picha za kurudia, kumbuka jambo moja: kifuko kilichokuwa cheusi kwenye FLAIR hakitakiwi kugeuka kijivu au cheupe. Kikigeuka, kuna kitu kimeingia kwenye maji hayo, labda damu, labda protini, labda maambukizi. Muulize daktari hata kama ukubwa haujabadilika hata milimita moja.

MRI, CT au ultrasound: ipi inafaa kufuatilia?

Kwa mtoto ambaye utosi bado uko wazi, ultrasound ya kichwa ni mwanzo mzuri. Haina mionzi, haihitaji dawa ya usingizi, na inaweza kurudiwa mara nyingi. Haioni vizuri sehemu za nyuma na za pembeni kabisa, na utosi ukifunga, kwa wengi kati ya mwaka mmoja na miwili, dirisha hilo linakwisha.

MRI ndiyo chombo kikuu. Haina mionzi na inaeleza kilichomo ndani ya kifuko. Ubaya wake ni muda na kelele. CT ni ya haraka sana na ni muhimu kwa dharura, kwa mfano mtoto aliyeanguka na anasinzia, lakini ina mionzi, na mtoto atakayehitaji picha nyingi asifuatiliwe kwa CT kama MRI inapatikana.

Ipo MRI ya haraka, inayomalizika kwa dakika chache. Kwa kufuatilia ukubwa wa kifuko na vyumba vya maji mara nyingi inatosha, na mtoto hahitaji kulazwa usingizi. Kwa picha ya kwanza inayotafuta aina ya kifuko, haitoshi. Mchanga wa wiki chache anaweza kunyonyeshwa ashibe, akafungwa vizuri kwenye shuka na kulala mwenyewe ndani ya mashine.

Kama mtoto ana waya za meno, watajie mapema. Chuma kinaweza kupotosha picha ya sehemu za mbele na ukapewa ripoti isiyo na jibu.

Ni lazima achomwe dawa ya kung'arisha picha kila mara?

Hapana. Dawa yenye gadoliniamu husaidia mwanzoni, ili kujua kama ukuta wa kifuko una sehemu inayonyonya dawa, jambo linaloweza kuashiria uvimbe wa aina nyingine. Ikishajulikana kwamba ni sisti ya araknoidi ya kawaida, picha za kurudia kwa kawaida hazihitaji dawa hiyo. Tangu 2014, watafiti walipoonyesha kwamba kiasi kidogo cha gadoliniamu hubaki kwenye ubongo wa watu waliochomwa mara nyingi, vituo vingi vimekuwa waangalifu zaidi, ingawa madhara ya mabaki hayo hayajathibitishwa. Ukiona imeandikwa kwenye fomu, una haki ya kuuliza inatafuta nini safari hii.

Arudi baada ya muda gani?

Hakuna ratiba moja. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja mara nyingi hurudishwa baada ya miezi mitatu hadi sita, kisha muda unaongezwa kama hakuna kinachobadilika. Mtoto mkubwa asiye na dalili anaweza kurudia mara moja baada ya miezi sita hadi mwaka, na baada ya hapo daktari akaacha kupiga picha kabisa. Wengine hawarudii hata hiyo moja kama sisti ni ndogo na iko mahali salama. Hilo si uzembe. Picha isiyoweza kubadilisha uamuzi wowote humletea mtoto usumbufu, na mzazi anabaki roho juu bure.

Aina zile za nadra zinafuatiliwaje?

Sisti ya koloidi hukaa kwenye paa la chumba cha tatu cha maji, penye mlango ambapo maji hupita. Hapo ndipo penye hatari: ikiziba mlango huo, maji hujaa ghafla na mtoto anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache. Kwenye CT mara nyingi huonekana nyeupe kuliko ubongo. Kwa mtoto, madaktari huwa wepesi zaidi kufikiria kuiondoa, na kama inafuatiliwa, vyumba vya maji hutazamwa kwa makini sawa na sisti yenyewe. Mtoto mwenye sisti hii akipata maumivu makali ya kichwa na kutapika, apelekwe hospitali saa ileile.

Sisti ya neuroenteriki hupenda kukaa mbele ya shina la ubongo, na maji yake huwa na protini, kwa hiyo hung'aa kuliko maji ya kawaida kwenye baadhi ya picha. Ikiondolewa nusu inaweza kurudi, wakati mwingine baada ya miaka mingi, kwa hiyo ufuatiliaji wake ni mrefu. Sisti ya Rathke baadhi hupungua zenyewe. Mtoto mwenye sisti hii hupimwa pia homoni na macho, maana picha peke yake haionyeshi kama tezi inafanya kazi. Sisti ya dermoidi ina mafuta ndani, na ikipasuka matone ya mafuta huonekana yametapakaa kwenye picha. Kama mtoto ana kitundu kidogo au kinyweleo kilichotoka kwenye shimo puani au kisogoni, mwonyeshe daktari, kwani kinaweza kuwa njia ya bakteria kuifikia sisti. Sisti ya neuroglia hufanana na maji safi na kwa kawaida haibadiliki.

Sisti ya araknoidi iliyo juu ya tezi ya pituitari nayo ina sura yake: inaweza kusababisha maji kujaa kichwani, kuharakisha balehe, na kwa baadhi ya watoto kichwa kutikisika mbele na nyuma bila wao kutaka. Nimeitaja kwa sababu kichwa kinachotikisika hudhaniwa ni mchezo wa mtoto.

Je, kinaweza kuwa kitu kingine kinachofanana na sisti?

Inawezekana, na picha ya pili husaidia kulijua hilo. Mtoto mwenye nafasi za maji pande zote mbili za ubavu wa ubongo, na kichwa kikubwa, apimwe mkojo kwa ugonjwa wa kurithi uitwao glutarik asiduria aina ya 1 kabla ya mtu kufikiria upasuaji. Ugonjwa huo una chakula maalumu na dawa, na kuchelewa kuugundua kuna gharama kubwa kwa mtoto. Minyoo ya tegu inaweza kuacha vifuko kwenye ubongo, lakini hivyo hubadilika hatua kwa hatua: kwanza maji, kisha uvimbe unaozunguka, mwisho madoa ya chokaa. Baadhi ya uvimbe wa ubongo huwa na sehemu ya maji pamoja na sehemu ngumu inayonyonya dawa. Na eneo la ubongo lililokufa kwa kukosa damu linaweza kugeuka tundu la maji lililoungana na vyumba vya ubongo.

Picha haijabadilika, lakini mwanangu anaumwa kichwa. Nimwamini nani?

Msikilize mtoto, na daktari amwangalie upya. Maumivu ya kichwa kwa watoto ni ya kawaida na mengi hayahusiani na kifuko. Degedege nazo mara nyingi huanzia sehemu nyingine ya ubongo kabisa. Lakini presha ya ndani ya kichwa inaweza kupanda bila kifuko kuongezeka. Ndiyo maana daktari huangalia nyuma ya jicho kama neva imevimba, hupima mzingo wa kichwa cha mdogo, na huuliza kuhusu shule na tabia.

Usisubiri tarehe ya picha ukiona haya: maumivu ya kichwa yanayomwamsha au yanayozidi asubuhi pamoja na kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, makengeza mapya au kuona viwili, udhaifu wa upande mmoja, degedege, kichwa cha mchanga kinachokua haraka, utosi uliotuna akiwa ametulia, au macho yanayotazama chini kila wakati.

Amefanyiwa upasuaji, mbona kifuko bado kinaonekana?

Kwa sababu lengo halikuwa kukifuta kwenye picha. Upasuaji wa kawaida hutoboa ukuta ili maji yaungane na maji mengine ya ubongo, kwa kamera ndogo au kwa hadubini. Njia nyingine ni kuweka shanti, yaani mrija unaopeleka maji tumboni. Baada ya kutobolewa, kifuko hupungua taratibu kwa miezi, na mara nyingi hakimaliziki, hasa kama ubongo ulio jirani ulikua ukiwa na nafasi hiyo tangu tumboni. Mafanikio hupimwa kwa mtoto: maumivu yameisha, neva ya jicho imetulia, kichwa kimerudi kwenye mstari wake wa ukuaji. Picha ya wiki za mwanzo inaweza pia kuonyesha maji juu ya ubongo, na mengi huondoka yenyewe.

Kama mtoto ana shanti yenye valvu inayorekebishwa kwa sumaku, MRI inaweza kubadilisha mpangilio wake. Waambie kabla ya kuingia, na valvu ikaguliwe baada ya kutoka. Usiondoke kabla haijakaguliwa.

Anaweza kucheza?

Watoto wengi wenye sisti ya araknoidi tulivu wanacheza kama wenzao, na mimi naona kumfungia mtoto ndani ni madhara makubwa kuliko hatari yenyewe. Michezo ya kupigana ngumi au inayogonga kichwa mara kwa mara izungumzwe na daktari wa upasuaji, hasa kama sisti ni kubwa, imewahi kuvuja damu, au mtoto ana shanti. Mwalimu ajue, ili mtoto akigonga kichwa vibaya asiambiwe akapumzike tu.

Nitunze nini, na mpaka lini?

Tunza picha zenyewe. Ripoti ya karatasi haitoshi. Omba diski au faili za picha kamili kila mara, uzihifadhi sehemu mbili, na ya kwanza usiipoteze kwa namna yoyote. Andika kando tarehe, aina ya kipimo na jinsi mtoto alivyokuwa wiki hiyo. Ukihama hospitali, nenda nazo zote, si ya mwisho pekee.

Mwisho wa ufuatiliaji hutegemea aina, umri na mahali. Siku daktari atakaposema picha hazihitajiki tena, mwombe aandike barua fupi yenye aina ya sisti, vipimo vya mwisho na namna vilivyopimwa, na dalili zinazopaswa kumrudisha mtoto. Akishakuwa mtu mzima, barua hiyo pamoja na picha ya kwanza vitampa daktari mpya kitu cha kulinganisha.